Kidole Kilichofutika Kwenye Sarafu ya Ishirini

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine mpe Mama kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishaanza kusoma utasahau. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kiko juu ya duka la karatasi. Kina dirisha moja tu linaloangalia ukuta, lakini ukuta wenyewe ni mweupe, kwa hiyo mwanga wa kuchongea unatosha. Jirani yangu ni fundi cherehani anayegombana na mashine yake kutwa nzima, anaiambia, "Wewe leo umeamua kuniaibisha." Nimemzoea.

Goti la Mama vipi? Mwambie dawa ya kuchua haipakwi juu ya kitambaa, inapakwa kwenye ngozi. Na shemeji anaendelea na kazi yake ya kushona viatu? Nina jozi moja hapa inayopumua kwa mbele, akiwa na nafasi nitamtumia.

Sasa habari yenyewe. Mchoro wangu umepita, Dada. Tulikuwa wachongaji kumi na mmoja tulioshindania sarafu mpya ya ishirini, na wengi wao walianza kazi kabla sijajua kushika patasi. Mkuu wa Ofisi ya Michoro, tunamwita Miwani kwa sababu ana jozi tatu na zote huzivaa kichwani, aliigeuza sampuli yangu mara nne hivi, kisha akauliza, "Huyu binti amefundishwa na nani?" Ni mkono wa kulia unaopanda mche. Vidole vyote vitano vinaonekana, mpaka kucha. Chini ya kifundo cha mkono nimeweka alama yangu, nukta tatu ndogo.

Mihuri inakuja huko kiwandani kwenu kwenye sanduku la mbao. Chuma nilichokikata kwa patasi miezi minane, ndicho wewe utakachokishindilia kwenye vipara, hivyo vibati vyenu vitupu visivyo na sura. Nimefurahi kwamba ni mashine yako na si ya mtu mwingine. Ile ya kwanza kabisa, kama Msimamizi wako ataruhusu, naomba umpe Mama.

Ni mimi, mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za Mama nimefikisha kabla ya kusoma, umefurahi? Tupo. Goti lipo na kelele za goti zipo. Macho yake ndiyo yanazidi kufifia, siku hizi anatutambua kwa sauti na kwa mwendo wa viatu, kwa hiyo shemeji yako akinunua viatu vipya inabidi ajitambulishe mlangoni kama mgeni. Hiyo jozi yako tuma. Amesema kiatu kinachopumua ni dalili ya uhai.

Hongera. Nimeandika neno hilo mara mbili nikachana karatasi. La kwanza lilionekana fupi mno, la pili likaonekana kama nimewekewa kisu shingoni. Hili la tatu lichukue lilivyo.

Sanduku limefika Jumanne, nimelifungua mimi. Nimefunga muhuri wa kwanza kwenye mashine namba nne, Fundi Mafuta, yule anayelainisha mashine zetu, akanishikia taa, nikapiga. Nimeuona mkono. Nimeuona wote, kidole kwa kidole. Sina la kuongeza kuhusu mkono.

Najua unawaza mihuri kuchakaa, hata kama hukuandika. Usijisumbue. Hapa muhuri unatolewa ukichoka, na wa kusema umechoka ni mimi. Kila saa naokota sarafu moja kwenye ndoo, napitisha gumba, natazama herufi za ukingoni. Zikianza kuota mikia kuelekea nje, natoa muhuri nafunga mwingine. Mara nyingi ni baada ya sarafu laki mbili, kidogo chini, kidogo juu. Msimamizi huandika kwenye daftari kile ninachomwambia, wala hachunguzi. Miaka ishirini na miwili sasa anasema gumba langu linatosha, hahitaji mashine ya kupimia.

Ile ya kwanza nimeiweka.

Mama anauliza utaolewa lini. Nimemwambia una shughuli na mikono ya watu.

Dada yako.


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Miezi miwili imepita sijaona barua yako nyingine, nikasema ama kazi zimekuzidi ama umenuna, na kwa yote mawili nakusalimu. Mvua imeingia chumbani kupitia dirisha, vitabu vya Baba nimevipandisha juu ya kabati. Fundi cherehani amepata mjukuu, sasa anagombana na mashine kwa sauti ya chini. Mama anaendeleaje? Umempa ile sarafu? Hukusema alisema nini.

Dada, sarafu zimetoka, ziko mitaani, na watu wanacheka. Juzi muuza maji alinirudishia chenji, akainua ishirini yangu juu, akaniambia, "Hii ya vidole vinne chukua wewe, dada." Nilidhani anatania. Nikaitazama palepale, watu wananipita. Kidole kidogo hakipo. Kimeungana na jirani yake, mkono wote umekuwa kama mwiko. Gazeti nalo limechora katuni, mtu amepeana mkono na sarafu, halafu anahesabu vidole vyake kuona kama vimerudi vyote.

Miwani ameniita ofisini. Anasema nimechonga kina kifupi, kidole hakikuwa na nguvu ya kusimama. Nikamwonyesha sarafu za majaribio tulizopiga hapa, vidole vyote vipo. Akasema za majaribio hupigwa mojamoja kwa kubembelezwa, kazi ya kweli huonekana kiwandani. Tarehe kumi Julai kamati inakaa. Wakiamua kosa ni la mchongaji, sarafu nne zinazofuata anapewa yule mwenzangu wa meza ya mlangoni, tunayemwita Mpole. Tangu wiki iliyopita ananipisha mlangoni kama mfiwa. Mimi nitarudishwa kuandika vibandiko vya makabati. Unajua nilivyohangaika kufika kwenye hii meza.

Nakuomba vitu viwili tu. Nitumie sarafu za mwanzo wa muhuri na za mwisho wake, niziweke pamoja mbele yao. Na uninakilie kutoka kwenye daftari la Msimamizi kila muhuri umepiga sarafu ngapi. Ukinipa hivyo viwili nimepona.

Jibu upesi, Dada.

Mdogo wako.


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwenye droo ya bawabu wiki mbili, halafu ikakaa kwenye droo yangu wiki tatu, nisikudanganye. Mama ameng'olewa jino na sasa anasema chakula chote nakipika kigumu kwa makusudi. Shemeji yako alidondoka kwenye kigoda chake, hakuumia, ila kigoda kimevunjika na ndicho anachokililia.

Pole kwa kuchekwa. Hapa pia wanacheka, Fundi Mafuta ananisalimia kwa vidole vinne kila asubuhi.

Daftari limefungiwa kabatini kwa Msimamizi, na Msimamizi yuko likizo.

Kuhusu kosa, kwani hukumbuki Baba alichokuwa anasema? Usiweke mlima mbele na mlima nyuma. Nyuma ya vidole vyako umepanga ile namba mbili, nene kama mkate. Kipara ni chembamba. Chuma kikikimbilia kujaza namba, upande wa pili panabaki njaa. Miaka minne shuleni hawakukwambia? Mimi nililijua hilo nina miaka kumi na mitano, nafagia unga wa chuma chini ya meza ya Baba ya kuchongea, nachora kwa chaki sakafuni akiwa amesinzia.

Na kama tunakumbushana, tukumbushane vizuri. Nani alikuwa anachora kati yetu? Wewe ulikuwa unapaka rangi ninachochora mimi. Nafasi ya shule ya uchongaji ikaja moja. Baba akatutazama wote wawili, akasema, "Mkubwa ana mwili wa mashine, mdogo ana mwili wa meza." Basi, kesi imekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaenda kujifunza kuvaa magwanda. Wewe ukabebewa sanduku mpaka kituoni, na aliyelibeba ni mimi.

Sikuandika haya ili ujisikie vibaya. Au labda ndiyo.

Nakutumia sarafu moja, imetoka mashine namba nne, haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu. Wapelekee kamati, waione wenyewe kazi ya shule.

Dada yako.


18 Juni

Dada,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya jino.

Sarafu yako imefika jana. Nimeiweka chini ya kioo cha kukuzia tangu asubuhi, nimeangalia mpaka jicho likatoa machozi. Nakuandikia nilichoona, kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwandikia akanielewa bila kueleza mara mbili.

Kidole hakikuisha kwa kuguswaguswa na watu. Sarafu iliyochakaa mikononi inang'aa pale palipolika, na hii haina mng'ao hata kidogo, ni mpya kama ulivyosema.

Wala si njaa ya chuma. Chuma kingekosa kujaa, pale juu ya kidole ungebaki uso wa kipara kama ulivyokuja, na mikwaruzo yake yote ya kwenye ndoo, kwa sababu muhuri usingeufikia. Baba alitufundisha wote wawili hilo, siku moja, meza moja. Nimetafuta mikwaruzo hiyo, haipo. Chuma kilifika mpaka juu kabisa. Kilifika kikakuta muhuri wenyewe hauna tena kidole.

Halafu nikaangalia ukingoni. Herufi zote zimeota mikia, tena mikia mirefu, zimevutwa kuelekea nje kama zimepigwa na upepo. Uwanja ambao niliusugua wiki mbili uwe laini umekuwa kama ganda la chungwa. Na kuanzia katikati kuna mistari midogo, mamia, yote inakwenda nje. Ni njia za chuma, Dada. Kila pigo chuma kinatiririka kidogo kuelekea ukingoni, na kila kikipita kinaparuza muhuri. Muhuri wa laki mbili unakuwa na mistari michache, tena myepesi. Huu umepitiwa mpaka umechimbika mifereji. Umepiga ngapi?

Wewe ulinichagulia sarafu ya kunihukumu, na umenichagulia yenye ushahidi wote. Nilianza kucheka peke yangu, halafu sikucheka.

Kwa sababu gumba lako halikosei. Ungekuwa mtu mwingine ningesema alipitiwa. Wewe uliona mikia ikiota ukaiacha, siku baada ya siku. Kwa nini?

Na sasa unanifanya nini? Tarehe kumi nikiiweka sarafu hii mezani nikaeleza, napata sarafu zangu nne, na wewe unaondolewa mashine namba nne. Nikinyamaza, unabaki, na mimi nakuwa mchongaji asiyejua kuhesabu mpaka tano. Usidhani nitanyamaza kwa kuwa ni mdogo. Sijaamua. Nakuambia ujue kwamba sijaamua.

Unanionea wivu wa meza. Mimi je? Umewahi kujiuliza ni mara ngapi nimekaa kwenye meza hiyo nikawaza kwamba Mama akikohoa, wewe ndiye uko chumba cha pili? Baba alipofariki alikushika mkono wewe. Mimi nilipata simu ofisini kwa Mkuu wa Shule, nimesimama, watu wanapita na mafaili.

Nijibu kabla ya tarehe kumi.

Mdogo wako.


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, jino limepoa. Salamu za leo ni fupi.

Umeuliza ngapi. Laki saba muhuri wa kwanza. Wa pili laki sita na kitu. Kwenye daftari nilisema laki mbili mbili, na Msimamizi akaandika.

Umeuliza kwa nini. Ulidhani sitakitambua? Kidole kidogo cha mkono wa kulia, kifundo cha mwisho kimepinda kuelekea ndani, kucha ina ufa mmoja umekwenda upande. Ni changu hicho. Kilibanwa na mlango wa mashine namba nne, wewe ukiwa mwaka wa pili shuleni. Ukaja likizo wiki tatu, nikawa naosha vyombo kwa mkono mmoja, na wewe umekaa kwenye ngazi ya jikoni unanitazama. Nikasema mtoto ana huruma. Kumbe ulikuwa unachora.

Nilipopiga ile ya kwanza nikaiweka chini ya taa, nikakiona. Fundi Mafuta akaniuliza kama naumwa. Shule ulipata wewe. Meza ukapata wewe. Vitabu vya Baba umebeba wewe, na mimi sikusema kitu. Nilibakiwa na huu mkono uliopondwa. Na huo nao umeuchukua, ukaupeleka kwa Miwani na mvi zake, ukaweka nukta zako tatu chini yake. Hata kuuliza hukuuliza. Hata kuniambia hukuniambia, uliandika tu "vidole vyote vitano mpaka kucha", kama mtu anayesifia kuku wa jirani.

Basi nikauacha muhuri uende. Mikia iliota siku ya tano. Niliiona, nikatazama pembeni. Kila saa nikiokota sarafu, nilikuwa sitazami herufi tena, natazama kidole. Kwanza ulikwenda ufa, kisha kucha, kisha kile kifundo kikanyooka kidogo kidogo, mwisho kikajificha kwa mwenzake. Nilifurahi. Nakuandikia hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa naenda nyumbani naimba.

Na hiyo niliyokutumia nilimwaga ndoo nzima mezani nikatafuta mbaya kuliko zote. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau wewe ni mtoto wa nani. Ungekuwa Mpole ungeipeleka moja kwa moja kwa kamati, wakakufukuza na wewe ukawashukuru.

Barua yako nilimsomea Mama, nikawa naruka. Akaniambia, "Mbona sauti yako inachechemea? Soma yote." Nikasoma yote. Akasema nimpe sarafu ya mwanawe. Ile ya kwanza ilikuwa kwenye kopo la vifungo tangu Februari. Sikumpa, sasa unajua. Akapitisha gumba juu yake taratibu. Akauvuta mkono wangu, akakishika kidole changu, akarudi kwenye sarafu, akarudi kwenye kidole.

"Ni hiki," akasema. Halafu akasema, "Mimi niliyekifunga bandeji nilishasahau kinapindia wapi. Huyu alikaa akakitazama mpaka akakijua."

Nilitoka nikaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa.

Jumatatu nimekwenda kwa Msimamizi nikamwambia yote. Alidhani natetea mtu. Ilibidi nimpeleke stoo, nikautoa muhuri wa kwanza, nikamwekea gumba lake juu yake kwa mkono wangu. Akatikisa kichwa, akasema, "Wewe? Wewe kweli?" Hilo ndilo liliniuma kuliko yatakayofuata. Muhuri nimeufunga kwenye sanduku pamoja na barua yangu, nimeutuma kwa kamati, si kwako, wasije wakasema ndugu wamepanga.

Usiwaonyeshe barua hii. Ya kamati ina ukweli wa kazi, inatosha. Hii ni yako.

Dada yako.


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Sanduku lilifika asubuhi ileile ya kikao. Muhuri wako uliwekwa katikati ya meza juu ya kitambaa cha kijani, Miwani akavua jozi mbili akabaki na moja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeona macho yake. Wakasoma barua yako kwa sauti. "Mchongaji hana kosa. Mihuri ilipaswa kutolewa baada ya laki mbili, nikaiacha. Sikupitiwa. Gumba langu lilikuwa zima." Mpole alikuwa anaandika kumbukumbu, kalamu ikamsimama. Hakuna aliyecheka. Wamenipa sarafu zote nne.

Ilipaswa niwe na furaha, na ninayo, nisikudanganye, niliruka ngazi mbili mbili nikishuka. Halafu nikafika chini nikakumbuka. Nimesikia wamekutoa namba nne wakakupeleka chumba cha kuosha vipara. Miaka ishirini na miwili. Sijui niseme asante au niseme pole, na yote mawili nikiyaandika yanaonekana ya kipuuzi.

Kwa hiyo nakwambia lile ambalo sikukwambia. Baba aliniandikia barua tisa nikiwa shuleni. Ninazo zote. Nane kati ya hizo zinakuzungumzia wewe. "Dada yako anasikia chuma kabla hakijapasuka." "Leo dada yako amesimamisha mashine kwa sauti ambayo hakuna fundi aliyeisikia." Mimi alikuwa ananiambia nile vizuri. Niko pale na patasi zangu, nafanya mazoezi mpaka malengelenge, na baba yangu anamsifia mtu mwingine. Nilikuonea wivu, Dada. Likizo ile nilikuja kuutazama huo mkono, kuona una nini ambacho wangu hauna. Mkono huo ukaenda nami, sikuuacha tena. Ukiniambia nichonge mkono, sina mwingine kichwani. Sikukuuliza kwa sababu ungekataa, na nilikuwa nautaka.

Nisamehe kwa hilo. Si kwa sarafu, kwa hilo.

Sarafu inayofuata ni ya hamsini. Wanataka mikono miwili, imeshika kamba. Naomba ruhusa, safari hii kwa maandishi.

Mpe Mama mkono, na shemeji.

Mdogo wako.


6 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, zote mbili. Viatu vyako viko tayari, shemeji yako anasema vilikuwa vimekufa, si kupumua. Mama anatembea na sarafu yako kwenye fundo la kanga, na kila anayeingia humu ndani lazima aipapase, hata msoma mita ya umeme.

Kuosha vipara ni kazi ya sabuni na pipa linalozunguka. Unavitia, unavitoa, unavifuta, vidole vinakunjamana. Namba nne sasa yuko mama mmoja mwangalifu, anatoa muhuri kwenye laki na nusu, anaushika kama utamng'ata. Anafanya vizuri. Nikipita pale nasikia mashine inagonga kwa uchovu upande wa kushoto, bado hajaisikia. Jana nimemwambia. Sikutaka kumwambia, lakini nimemwambia.

Usinishukuru. Nakuomba sana usinishukuru. Sikutuma ule muhuri kwa ajili yako. Wiki ile kabla ya kwenda kwa Msimamizi nilikuwa kwenye foleni ya duka, mbele yangu jamaa mmoja akaitupa ishirini yako juu ya kaunta akasema, "Mchongaji gani huyu, hajawahi kuona mkono?" Nilitaka kumpiga, kweli, nilikunja ngumi hii hii. Mjinga yule anakosoa kazi asiyoijua, na mtu pekee aliyeiona ilivyokuwa siku ya kwanza ni mimi. Kazi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mpaka nikaumwa. Niliweza kukunyima wewe, lakini sikuweza kuvumilia wao waseme ni mbaya.

Wivu bado ninao, usidhani umekwenda na sabuni. Hizo barua tisa za Baba nimezionea wivu leo hii, maana mimi hakuniandikia hata moja, nilikuwa naye kila siku hakuona haja. Na hayo maneno aliyokuandikia, kuniambia mimi hakuwahi.

Sasa ruhusa. Kwanza nikwambie kitu nilichokiona Februari nikanyamaza. Gumba umelikosea. Umeliweka juu mno. Mkono unaopanda mche haubani kutoka juu, unaegemeza kutoka chini, mche mchanga ukiubana juu unavunjika. Ungenichora nikiwa nafanya kazi, ungejua. Ulinichora nikiwa naumwa.

Kwa hiyo hapana, hutanichonga tena kwa kukumbuka. Omba likizo uje, chumba chako Mama anakifagia tangu jana. Leta chuma kilicholainishwa na patasi seti mbili, si moja. Mkono wa kushoto chonga wewe. Wa kulia nauchonga mimi, na Miwani akitaka kujua nimefundishwa na nani, mwambie tulikuwa wawili chini ya meza ya Baba.

Dada yako.